Tata, Picha ya Mto Ilipelekwa Hospitali

Mpendwa Tata, baba yangu,

Hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza niliianza kwa Kikamba nikaona aibu, maana kuandika Kikamba tuliachia darasa la tatu, na mpaka leo nakiandika kama mtoto wa darasa la tatu. Ya pili niliianza kwa Kiingereza ikatoka kama ripoti ya maabara. Basi naandika kwa Kiswahili, lugha uliyokuwa ukinisemesha ukiwa kazini na funguo zako kiunoni, ili walimu wasidhani fundi wa shule na binti yake wanawasengenya.

Nianze na lililo gumu. Nimesema. Ile siri ya picha ya mto, uliyonikataza kumwambia mtu, nimeitoa mbele ya Madam Mkuu, mwalimu wa kemia, Mzee Mutua wa geti na mgeni kutoka Nairobi. Mimi ambaye nikiitwa jina asubuhi naitika kwa kuinua kidole. Nataka uisikie yote kutoka kwangu, halafu kama ni kukasirika, ukasirike baadaye.

Unakumbuka mwaka wa ile njaa, watu walipokuwa na pesa mkononi na dukani hakuna unga. Nilikuwa na miaka saba. Shule ilifungwa Desemba, mabati ya ofisi yakawa yanabadilishwa, na mwalimu mkuu wa wakati ule akakupa picha uiweke nyumbani mpaka Januari. Uliileta kwa baiskeli, imefungwa kwa leso ya mama. Mto mkavu, wanawake watatu wanatoka kuchota maji kwenye shimo la mchanga, kilima nyuma yao, na juu ya kilima wingu moja kubwa jeupe. Ilisemekana ilichorwa na mzungu aliyekuja na watu wa reli mpaka Makindu, akapotelea huku kwetu Matinyani, akawaachia wamishenari, nao wakaiachia shule. Jina lake hakuna aliyelijua. Mwalimu mkuu alikuambia, "Kyalo, hii imetushinda umri wewe na mimi. Iangalie vizuri."

Uliisimamisha kwenye stoo, chini kwenye udongo, imeegemea ukuta nyuma ya kikapu cha mbaazi. Kikapu chenyewe kilikuwa kitupu mwaka ule. Ulisema pale hakuna mtoto atakayeifikia. Kweli, mtoto hakuifikia.

Wiki tatu baadaye ulienda kuitoa uifute vumbi. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Ulipoinua fremu, kitambaa kilichochorwa kilianguka kama karatasi iliyoungua. Mchwa walikuwa wamejenga njia zao za udongo ukutani na nyuma ya picha yote, wakala mto, wakala wanawake, wakala kilima. Kilichobaki ni kipande cha wingu, ukubwa wa kiganja chako. Ulikaa chini pale pale. Sikuwahi kukuona umekaa chini saa za kazi.

Ukanitazama ukasema, "Usimwambie mtu, Mwaitu." Ulizoea kuniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yako.

Nikakuuliza, "Hata mama?"

"Mama ni mtu."

Siku tisa ulikaa kwenye stoo ukichora, na mimi nikikushikia kopo. Kijani ulichukua masalio ya rangi ya milango ya bweni. Nyeupe ni ile ya madirisha. Kahawia ulijitengenezea kwa udongo wa mtoni, ukauchuja kwa kichujio cha chai, na mama akakitafuta kichujio kile mwezi mzima akimshuku jirani. Ubao ulikuwa plaiwudi ya mgongo wa kabati letu. Kilima kilikusumbua, ulikifuta mara tatu. Wanawake uliwachora haraka bila kusita, kama mtu anayeandika jina lake. Mimi nilikuwa nakutazama mdomo, maana ukichora ulikuwa unauma ulimi.

Kisha ukatoa polishi ya viatu. Hapo ndipo nilipoogopa. Ulikuwa umenihadithia jinsi ulivyokuwa mchongaji pale Salama ukiwa kijana, ukichonga twiga wa mti mweupe na kuwapaka polishi nyeusi ili wageni wa barabara ya Mombasa waamini ni mpingo. "Mgeni anataka mweusi, mpe mweusi," ulikuwa ukisema huku ukicheka. Halafu ukaokoka, ukatupa makopo yote, ukasema ule ni uongo unaopakwa kwa kitambaa. Na sasa ulikuwa unapaka tena, polishi ya kahawia, polepole, halafu ukaitundika picha juu ya moshi wa jiko la kuni mpaka ikazeeka. Hukucheka hata mara moja.

Januari mwalimu mkuu aliitazama akasema, "Kyalo, umeifuta? Sasa naona mpaka vidole vya hawa wanawake." Ukajibu, "Eeh, nilifuta kidogo."

Mwaka uliofuata kanisa likakuchagua kuwa mzee wa kanisa, ukakataa. Mchungaji alikuja nyumbani mara mbili. Mama alilia, akakuuliza umefanya nini mpaka ukatae. Wewe ukasema kazi ya shule ni nyingi. Mimi nilijua, na sikusema. Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza, na baadaye watu wakaita ni haya.

Sasa nikuambie ya mwaka huu, ambayo hukuyaona.

Miaka miwili baada ya kukuzika tulipata Madam Mkuu mpya. Huyu anapenda historia. Aliandaa sherehe ya shule, akaandika kwenye programu kwamba shule yetu ina picha ya kale, akaomba Nairobi walete mtaalamu wa kuitibu kabla haijaharibika. Mwalimu wa kemia, Bi. Nduku, akasema atamhitaji mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne wa kumsaidia. Akanichagua mimi. "Wewe hutamwongelesha mpaka umchoshe," akasema, na darasa zima likacheka.

Tulisikia mtaalamu ana kazi kwanza Makindu, kisha atapitia Salama kuja kwetu. Nitakiri: nilipiga magoti nikaomba gari lake liharibike Salama. Nilitaja hata gurudumu, la nyuma kushoto.

Gari halikuharibika. Wasichana walikuwa wamejipanga dirishani kumwona mzungu, akashuka mama mwembamba wa hijabu. Anaitwa Daktari Halima. Baba yake alikuwa akiuza mbuzi Mwingi, na anajua Kikamba cha sokoni. Alimsalimia Mzee Mutua getini kwa Kikamba akakosea, akamwambia kama anavyoambiwa mbuzi akiitwa. Mzee Mutua akamjibu, "Nimekuja, lakini leo siuzwi." Daktari alicheka mpaka akaegemea gari.

Kazi yake, Tata, ungeipenda. Alianza kwa kutazama tu. Saa mbili nzima, na tochi, akimulika kutoka pembeni ili kila mkwaruzo utoe kivuli. Nilipomuuliza kwa sauti yangu ya panya kwa nini hagusi, akasema, "Ukigusa kabla ya kutazama, unajibu kabla ya kuulizwa." Kisha akachukua kijiti chenye pamba, akakichovya kwenye spiriti, akakiviringisha kwenye pembe moja ya picha. Pamba ikatoka kahawia. Akainusa. Akanipa ninuse.

Tata, ilikuwa wewe. Ilikuwa stoo, kikombe cha uji, ulimi wako kati ya meno. Niliirudisha ile pamba nikasema sijui ni nini.

"Sijui" ile ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote katika barua hii.

Siku ya pili alichukua chembe ya rangi ndogo kuliko punje ya chumvi, akaigandisha kwenye gundi ngumu, akaisugua mpaka ikaonyesha ubavu wake, tukaitazama kwa hadubini ya shule. Alinieleza kwamba picha ya zamani huwa na tabaka kama ukingo wa mto uliomomonyoka: chokaa chini, rangi, vanishi, uchafu wa miaka. Hapa kulikuwa na mbao, rangi moja nene, na polishi juu. Halafu akauliza, "Mlango wa bweni lenu ni rangi gani?" Alikuwa ameuona akipita. Nikaenda kukwangua chembe ya mlango kwa wembe, tukaziweka chembe mbili pamoja chini ya hadubini. Kijani kile kile. Hata punje za unga wa rangi zilifanana.

Bi. Nduku alifurahi, maana ni kemia. Madam Mkuu hakufurahi. Akasema, "Kwa hivyo hii ni ya juzi. Na ile ya kweli iko wapi?"

Daktari Halima akasema hajui, kazi haijaisha.

"Mimi najua," akasema Madam Mkuu. "Iliuzwa. Mtu akaweka hii mahali pake ili tusijue. Nani amekuwa na ufunguo wa ofisi miaka yote hii?"

Ufunguo mmoja ulikuwa wako, na wewe umekufa. Wa pili ni wa Mzee Mutua. Aliitwa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, Tata, yule aliyekuwa akigeuza mgongo nipite getini nikichelewa. Akaulizwa kama anajua habari za picha. Akaitazama ile picha kwa muda, akasema, "Mimi nalinda geti, Madam. Sijaona mwizi akitoka getini." Akaambiwa aende nyumbani mpaka bodi ikutane Jumatatu. Akavaa kofia, akasema sawa, akaondoka. Hakunitazama.

Sikula chakula cha jioni. Nilijiambia bodi haitamfukuza mtu bila ushahidi. Nilijiambia pia kwamba aliyekufa hana kazi ya kupoteza ila ana jina, na jina lako ndilo tulilobaki nalo, mimi na mama. Nilikuwa nakutetea. Baadaye niliona kwamba nilikuwa nakutetea kwa mgongo wa Mzee Mutua, naye ni hai na ana magoti mabovu.

Kesho yake Daktari Halima akasema anataka kuona ndani ya picha bila kuikwaruza zaidi. Kitui mjini mashine ya kuona ndani ni moja tu. Tukaifunga kwa shuka, tukaiweka kwenye gari, tukaipeleka hospitali.

Tulipanga foleni kama watu wengine. Mbele yetu alikuwa mzee aliyeangushwa na punda, mkono umefungwa kwa kitenge. Akatazama picha, akamtazama Daktari, akauliza, "Na huyo ameangushwa na nini?"

"Bado hajasema," Daktari akajibu.

Yule kijana wa eksirei alikuwa na ukali wa watu wa hospitali. "Jina la mgonjwa?"

"Mto."

"Umri?"

"Hilo ndilo tumekuja kuuliza."

Akacheka akitaka asionekane, akailaza picha juu ya meza baridi, akatufukuza nje. Tukangoja kwenye benchi. Ile filamu ilipotoka bado ina maji, Daktari Halima aliishika dirishani dhidi ya mwanga, nami nikasimama kando yake.

Karibu yote ilikuwa kivuli, Tata. Wanawake hawakuonekana. Kilima kilikuwa kama moshi. Lakini juu, mahali pa wingu, kulikuwa na kipande cheupe sana, cheupe kama mfupa, kingo zake zimeliwaliwa. Ukubwa wa kiganja. Na kukizunguka, alama nyembamba za patasi, mahali ambapo mtu alichimba ubao kidogo ili kipande kikae sawa na kisiinuke.

Daktari alizungumza polepole, kama anayejisemea. Alisema wazungu wa zamani walitengeneza rangi nyeupe kwa madini ya risasi, na miale ya eksirei haipiti hapo kama isivyopita kwenye mfupa. Rangi za milango za siku hizi miale inazipita tu. "Kwa hivyo hiki kipande ni cha ile picha ya kweli," akasema. "Na mwizi hafanyi hivi. Mwizi hahangaiki kuzika kipande cha wingu kwenye plaiwudi na kukisawazisha kwa patasi. Huyu mtu alikuwa akiokoa. Alikuwa na kilichobaki, akajenga vingine vyote kukizunguka."

Mimi hilo sikulijua. Ulilifanya nikiwa nimelala, au umenituma maji. Miaka kumi nilidhani ulitupa kile kipande pamoja na yale mabaki, ukafunika uongo kwa polishi ukaisha.

Nikasema, "Ni baba yangu." Nadhani nilisema kwa nguvu, kwa sababu mzee wa punda aligeuka. Nikasema mchwa, nikasema kabati, nikasema kichujio. Nililia kidogo tu. Daktari Halima hakunishika bega wala kuniambia pole. Alitoa daftari akaniuliza, "Kahawia ni udongo wa wapi? Chini ya daraja au juu ya daraja?" Nikamjibu juu. Akaandika. Nilimpenda kwa hilo.

Jioni ile niliyasema tena ofisini, Mzee Mutua akiwa ameitwa kutoka kwake. Nilisema nikiangalia viatu vyangu, lakini nilisema mpaka mwisho. Madam Mkuu alikasirika kweli, sitakuficha. "Nimealika watu waje kuona mgongo wa kabati?" Daktari Halima akamwekea filamu kwenye dirisha, akamwonyesha wingu. Madam akalitazama. Hakuomba msamaha kwa Mzee Mutua siku ile. Aliomba Jumatatu, mbele ya bodi, kwa sauti ndogo.

Lakini nikuambie la Mzee Mutua. Tulipotoka nje nilimwambia, "Babu, nisamehe, nilichelewa kusema."

Akasema, "Kusema nini? Mimi nilijua siku ile picha iliporudi ofisini."

Nikamuuliza aliambiwa na nani.

"Na nani? Na macho. Ile ya mzungu, wanawake walibeba mitungi kichwani kama watu wa Pwani. Miaka yote nilikuwa naiangalia nasema, hawa watafika nyumbani na shingo zimevunjika. Picha ikarudi Januari, wanawake wamebeba mgongoni, kamba ya mukwa kwenye paji la uso, kama mama yangu. Nikasema, he! Hapa Kyalo ameshika brashi."

Nilirudi ofisini mbio kuitazama. Ni kweli. Kamba ya ngozi kwenye vipaji vya nyuso zao, wameinama kidogo mbele, vile mama anavyoinama. Miaka kumi nimeipita hiyo picha. Walimu wamepita, mwalimu mkuu alikuambia anaona mpaka vidole. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu kwetu halikuwa kosa. Bi. Nduku alipekua mafaili akapata picha ya kamera ya zamani ya ofisi ile, nyeusi na nyeupe, na ukutani wanawake wamebeba mitungi kichwani. Daktari Halima alicheka mpaka akakaa. Alisema amekuja na taa na hadubini kutoka Nairobi, na jibu lilikuwa limekaa getini na rungu.

Nilimuuliza Mzee Mutua kwa nini hakusema alipofukuzwa. Akasema, "Mimi naweza kusimama mbele ya bodi nijitetee. Baba yako hawezi." Akaenda kufunga geti.

Picha haipo ofisini tena. Madam alisema ofisi si mahali pa plaiwudi, akaihamishia bwalo la chakula, na wasichana wanakula githeri chini yake. Nadhani ni pazuri zaidi. Daktari Halima hakuitoa polishi yote. Alisafisha wingu peke yake, na mraba mdogo kwenye pembe ili watu waone tofauti. Alisema kazi yake ni kuhifadhi kilichofanyika, na polishi pia ilifanyika. Chini yake kuna kibao alichokiandika yeye: "Wingu: mchoraji hajulikani. Mto, kilima na wanawake: Kyalo, fundi wa shule." Ni mara ya kwanza jina lako kuandikwa mahali popote shuleni, mbali na kitabu cha zamu.

Nilimwambia mama nyumbani. Nilidhani atalia kuhusu uzee wa kanisa. Akasema, "Kumbe kichujio." Halafu akaenda kwa yule jirani. Sijui walisemezana nini.

Natamani ungemwambia hata mtu mmoja, Tata, badala ya kuniachia mimi wa miaka saba. Nilikukasirikia kwa hilo wiki nzima, na bado kidogo. Mzee Mutua angekusikiliza. Angekucheka kuhusu mchwa mpaka ungecheka na wewe, na labda ungekubali kuwa mzee wa kanisa.

Daktari Halima aliagiza picha isiguse ukuta. Tumeiwekea vizibo vya soda nyuma, vinne, hewa ipite, na mtu akague kila Jumamosi kama kuna njia za udongo. Akauliza ni nani atafanya kazi hiyo. Niliinua kidole, kisha nikaona hakitoshi, nikasema, "Mimi."

Leo ni Jumamosi. Nimepanda kwenye benchi na tochi, nimemulika kutoka pembeni, juu mpaka chini. Ukuta ni mkavu. Hakuna mchwa, Tata. Pumzika.

Ni mimi,
Mwaitu wako, aliyekushikia kopo